Dada Yetu, Mwalimu Penseli, na Wiki ya Siku Tano

Waraka Namba 7 wa mwaka 1994, uliotoka ofisi ya elimu na kubandikwa katika kila shule ya sekondari, unatamka kwamba mwanafunzi asiye na cheti cha fani haruhusiwi kujaribu kazi katika wodi, nyumba ya wazee wala darasa la watoto wadogo, "kwa kuwa uwepo wake mahali hapo hauna manufaa kwa anayehudumiwa wala kwake mwenyewe." Waraka una mhuri, saini na aya nne. Uliandikwa kwa sababu ya mtu mmoja, naye ni dada yetu mkubwa tunayemzika leo. Tumeona utajwe kwanza, maana ukiacha cheti cha kuzaliwa, serikali haijawahi kuandika kitu kingine kwa ajili yake peke yake.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Machi 1953, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kituo cha afya, mtoto wa kwanza kati ya watano. Mama yetu alikuwa mfagizi wa kituo hicho. Siku hiyo alifagia mpaka saa nne asubuhi, akajifungua saa saba mchana, na daftari la mahudhurio likamwandika mtoro wa nusu siku. Baba alikuwa karani wa idara ya maji, mtu aliyeamini kwamba jambo likishaandikwa limekwisha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, na sekondari kuanzia 1967 hadi 1970. Baba akamjazia fomu ya chuo cha uuguzi, kwa wino. Hakumuuliza, alisema sare nyeupe itampendeza. Januari 1971 Dada aliripoti chuoni, na siku ya kumi na moja, wakati muuguzi mkufunzi anafungua bandeji ya mguu wa mzee mmoja, akaanguka chini kama gunia. Alipozinduka alikuwa juu ya machela, amebebwa na dereva wa gari la wagonjwa, kijana mrefu aliyekuwa akimwambia mwenzake, "Shika vizuri, huyu si mgonjwa, ni mwanafunzi." Alirudi nyumbani na sanduku lake. Baba hakusema naye hadi Aprili. Mwaka 1972 akajiunga na chuo cha ualimu, na tangu Januari 1974 akafundisha baiolojia katika shule moja ya wasichana ya kutwa, miaka thelathini na tisa bila kuhama.

Yule dereva alikuja kumuuliza kama amepona. Alichukua miaka tisa kufika. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1980, wakajaliwa watoto watatu. Shemeji yetu alitutangulia mwaka 2011.

Mwaka 1979 Dada alipewa kipindi cha ushauri wa kazi, saa moja ya Alhamisi alasiri ambayo kila mwalimu alikuwa ameikwepa. Aliwakuta wasichana arobaini, thelathini na wanne kati yao wameandika "daktari" kwenye fomu zao.

"Daktari wa nini?" akamuuliza mmoja.

"Wa hospitali, Mwalimu."

Alikusanya fomu zote, akazifuta, akagawa mpya pamoja na penseli. Jina la Mwalimu Penseli lilianzia hapo. Kwake hakuna aliyeruhusiwa kujaza kwa wino kabla ya kumaliza wiki ya siku tano: siku mbili wodini, moja nyumba ya wazee, mbili darasa la watoto wadogo. Kanuni ya kwanza aliiandika mwenyewe: usimguse mgonjwa. Kazi yao ilikuwa kukunja mashuka, kubeba maji na kuangalia. Ijumaa aliuliza swali moja tu: "Ungerudi Jumatatu?" Waliosema hapana hakuwabeza hata kidogo. Aliwashukuru kwa kuwahi kujua.

Jumanne, tarehe 14 Juni 1994, msichana wa miaka kumi na saba tuliyemjua kwa jina la Kimya alikuwa wodi ya watoto, anakunja mashuka. Kitanda namba sita kulikuwa na mtoto wa miaka mitano aliyekatwa tonsili asubuhi hiyo, amelala. Kimya aliona koo la mtoto linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, bila kupumzika.

"Nesi, yule mtoto anameza sana."

"Amekatwa tonsili," muuguzi alijibu, mikono imejaa sindano za wagonjwa wengine. "Asipomeza ateme wapi? Kunja mashuka."

Akakunja mawili. Akarudi. Muuguzi akamwambia kwamba akifungua mdomo tena atatolewa nje. Kimya akaweka shuka chini, akamwinua mtoto, akamgeuza ubavu na kumfungua kinywa. Damu aliyokuwa akiimeza ikamwagika mpaka kwenye viatu vya Kimya. Dakika nane baadaye mtoto alikuwa amerudishwa chumba cha upasuaji, na alitoka humo mzima.

Lakini mwanafunzi alikuwa amemgusa mgonjwa, na malalamiko yalifika shuleni kabla ya mtoto kuamka. Bodi ilikaa Alhamisi. Kimya alikuwa amebakiza miezi minne afanye mtihani wa mwisho. Akifukuzwa, hakuna shule ambayo ingemsajili tena mwaka ule. Meza ilikuwa na nusu ukurasa uliopigwa taipu.

"Mwalimu, isome," mwenyekiti alisema.

"Nimeisoma mara tatu."

"Kuna uongo humo?"

"Hakuna."

Na kweli hakukuwa na uongo. Karatasi ilisema mwanafunzi amevunja kanuni ya mwalimu wake, bila ruhusa ya mwalimu wake. Dada akisaini, mtoto wa watu anafukuzwa na wiki ya siku tano inabaki. Asiposaini, kosa ni lake. Walimpa mpaka Ijumaa saa sita mchana.

Jioni ile alipiga pasi nguo za nyumba nzima, pamoja na zilizokwisha kupigwa. Shemeji alimwangalia hadi alipofika kwenye mapazia.

"Mama watoto, sahihi ni mstari mmoja tu."

"Na msichana naye ni mmoja tu."

"Wakikuhamisha?"

"Utaendesha gari la wagonjwa huko huko. Wagonjwa wako kila mahali."

Ijumaa saa tano na dakika arobaini alirudi kwenye ile meza. Ndiyo mara pekee, alituambia baadaye, aliyoogopa kuanguka tena mbele za watu. Hakusaini. Chini ya karatasi aliandika, kwa wino: "Kanuni ya kwanza niliitunga mimi. Ilikuwa na kosa. Nilimweka pale aangalie, akaangalia."

"Unajua unajipeleka wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Darasani. Nina kipindi saa saba."

Kimya alirudi shuleni Jumatatu. Dada alinyang'anywa kipindi cha Alhamisi, hakupandishwa cheo mpaka alipostaafu mwaka 2013, na Waraka Namba 7 ukatoka. Wengi wetu tungependa kusema kwamba Kimya akawa muuguzi. Alipoulizwa kama angerudi wodini alisema hapana, tena haraka. Anafundisha darasa la kwanza, watoto hamsini na wanane, na anaongea kutwa.

Dada aliusoma waraka kwa makini aliyokuwa nayo kwa kila kitu, akaona unakataza kujaribu kazi. Kumtembelea mgonjwa haukukataza. Kuanzia Agosti mwaka ule wasichana wake walikwenda hospitali saa za kuona wagonjwa, wawili wawili, kukaa na wasio na mtu wa kuwaona, na desturi hiyo haikukoma alipostaafu. Wauguzi walijua. Hakuna aliyeuliza wagonjwa wale walipata wapi wajukuu wengi kiasi kile.

Machi 2021 miguu yake ilianza kuvimba, na daktari akatwambia moyo umechoka. Alilazwa mara nne. Mara ya mwisho, tarehe 23 Oktoba 2023, alimuuliza daktari kijana kama angerudi Jumatatu. "Mwalimu, mimi hata Jumapili niko zamu," akajibiwa, naye akasema basi hapo hakuna la kushauri. Alifariki Jumapili, tarehe 5 Novemba 2023, saa tatu asubuhi, daktari huyo akiwa amemshika mkono.

Ameacha binti mmoja, wana wawili, wajukuu saba, na sisi wadogo zake watatu tuliobaki. Tunamwombea pumziko la amani, na kitanda kilicho karibu na dirisha.

Waraka Namba 7 haujafutwa. Aliyeutia saini, ambaye sasa ni mstaafu asiye na ndugu hapa mjini, amelazwa wodi ya wanaume tangu mwezi uliopita. Muuguzi wa zamu anatuarifu kwamba jana alikuwa na wageni wawili, wasichana wa miaka kumi na saba, na kengele ya kuwatoa ilipolia aliwaomba wakae kidogo.