Julai Si Kasoro

Benchi letu liko Hamriya, mbele ya duka la Humam, mshonaji wa kanzu. Kuanzia Aprili hubaki tupu. Tunajazana ndani kati ya majora ya vitambaa, chini ya kiyoyozi. Novemba ikiingia, Humam hulipangusa vumbi, na sisi hurudi kila baada ya sala ya alasiri kama watu waliotolewa kifungoni. Kahawa huja katika chupa, vikombe ni vile vidogo visivyo na mkono, na kanuni ni ile ya kila nyumba ya hapa Oman: usipokitikisa kikombe unaongezwa, ukikitikisa umetosheka. Hamdan hajapata kukitikisa chake. Hunywa mpaka chupa iishe, ndiyo maana tukambandika jina la Tena. Alasiri hii ya Januari alifika amechelewa, akikanyaga polepole kwa sababu ya goti. Agosti iliyopita alianguka kwenye ngazi za nyumba yake ya Ansab, yuko peke yake, akalala pale chini mpaka binti yake Buthaina alipopita jioni. Tangu siku ile amemwahidi binti: nyumba itauzwa baridi hii, naye atahamia kwake kabla joto halijarudi.

— Wamekuja? Humam alimuuliza, huku akimmiminia.

— Wamekuja jana. Bi Nasriya mmoja, na msichana wake wa kazi. Wameiona, wamesema mashallah, wamekwenda zao.

— Hao wa ngapi sasa?

— Wa saba.

Harub akaguna. Harub tunamwita Makisio. Alipima viwanja miaka thelathini, na mpaka leo hawezi kukitazama kitu bila kukikisia.

— Saba, yakhe! Na baridi hii? Madirisha wazi, upepo unaingilia huku unatokea kule. Nyumba ya Ansab mwezi wa Januari inajiuza yenyewe. Umewaambia nini watu?

— Nimewaambia kweli.

— Kweli ipi?

— Kwamba chumba cha juu, kile cha magharibi, Julai hakilaliki. Kwamba tangi liko juani, ukifungua bomba la maji baridi Julai unaungua mkono.

Marhoon alijishika kichwa. Huyu ndiye Friji. Kabla hajastaafu alitengeneza viyoyozi vya nusu ya Ruwi.

— Lahaula! Maji ya Julai yanaunguza Maskati nzima! Wewe bwana unauza nyumba au unatangaza hali ya hewa?

— Dini imetukataza kuuza kitu tukaficha kasoro yake.

— Julai si kasoro, Hamdan. Julai ni mwezi!

Tulicheka. Hamdan naye alicheka kidogo, kisha akanyoosha kikombe. Humam akamwongeza.

— Mie nikimshonea mtu kanzu, alisema Humam, simwambii kwamba mwakani atanenepa.

— Kanzu haimvunji mtu goti.

Friji akamsogelea Hamdan kwenye benchi.

— Nisikilize mie. Mteja mwite saa nne asubuhi. Usimpandishe juu. Mkalishe uani chini ya mndimu, mpe kahawa, mpe haluwa. Mtu aliyeshiba haluwa hapandi ngazi.

— Na akiniuliza juu kuna nini?

— Mwambie kuna paa.

— Hiyo ni dhuluma, alisema Makisio. Na nyote mnakosea. Nyumba za kwetu huwa mbili kwenye kiwanja kimoja. Iko nyumba ya baridi, ina upepo, ina ndege. Na iko nyumba ya joto, ina bili ya umeme. Zingetolewa hati mbili! Hamdan akauza ya baridi, ya joto akabaki nayo.

— Yaani mnunuzi akae Novemba mpaka Machi?

— Ehe! Aprili anafunga virago, Hamdan anarudi.

— Arudi akaive! alidakia Friji. Buthaina atakutafuta kwa fimbo, Harub. Bora nyumba tuitie magurudumu. Joto likianza tunaivuta mpaka Salalah, kwenye manyunyu ya khareef, msimu wao wa mvua. Oktoba tunairudisha Ansab, imeota majani ukutani.

— Na mndimu? aliuliza Hamdan.

— Mndimu tunaupakia garini, nao ukapunge upepo.

— Mndimu hauhamishiki, Friji. Kwa ukubwa ule mizizi itakatika. Utakauka.

Friji alikuwa akifanya mzaha. Hamdan alikuwa amejibu kwa dhati kabisa.

— Kasoro nyengine ulizowatajia ni zipi? nilimuuliza mimi.

Akaanza kuzihesabu kwa vidole. Mlango wa jiko unalia. Ngazi ya saba imezidi wenziwe kwa kimo, na ndiyo iliyomwangusha. Na chumba cha nyuma kina harufu ya udi. Marehemu mkewe, Noof, alikuwa akifukizia nguo mle kila Ijumaa. Huu mwaka wa nne tangu afariki, na kuta zimepakwa rangi mara mbili, lakini harufu haijatoka.

— Hilo nalo umewaambia? alishangaa Humam.

— Kuna watu udi unawaumiza kichwa. Nna haki gani ya kuwaficha?

Nimewasikia watu wengi wakitaja kasoro za kitu, na aghalabu sauti huwa ya manung'uniko. Hamdan alizitaja zake taratibu, moja moja, kama mtu anayekutajia majina ya watoto wake. Nikaona si kazi yangu kumwambia hivyo.

Basi hapo ndipo mwanamke mmoja alipovuka barabara akija kwetu, mkononi ana karatasi. Alikuwa Nabukeera, Mganda, yule msichana wa kazi wa Bi Nasriya aliyekwenda naye Ansab jana. Hamdan alikuwa amewaambia kwamba alasiri anapatikana kwa Humam.

— Salaam aleikum, wababa. Baba Hamdan, samahani. Madamu ako kwa gari pale, hakuna mahali ya kuegesha. Amenituma.

— Aleikum salaam, binti yangu. Karibu. Amesahau kitu?

— Hapana. Yale yote ulisema jana, aliyaandika. Ameniambia nikusomee.

Akaikunjua karatasi. Sote tukaacha kunywa.

— Chumba ya juu: tutaweka mabegi huko. Maji ya moto: mafi shida, hakuna taabu, hata kwa nyumba tunakaa sasa yanachoma. Mlango ya jiko: nitatia mafuta mimi. Ngazi ya saba: ameita fundi. Na ile harufu ya udi...

Alisita, akaisogeza karatasi karibu na macho.

— Ya udi anasema isitolewe. Anasema ndiyo ilimfanya apende nyumba. Khalas, anaichukua, kwa bei ile ulisema.

— Allahu akbar! Friji aliruka, akampiga Hamdan begani. Tena! Umeuza! Umeuza na Julai yake yote!

Nabukeera alingoja kelele zitulie.

— Anauliza kitu moja tu, baba. Unahama lini?

Tulimgeukia Hamdan. Alikuwa akitazama ndani ya kikombe. Tulitazamana sisi kwa sisi. Friji aliketi. Mtu aliyetoka kuihamishia nyumba nzima Salalah hakuweza kumhamisha mzee mmoja na masanduku yake.

— Hata tarehe ya kukisia tu, alisema Nabukeera kwa upole.

Makisio akainamia viatu vyake.

Humam, kwa kukosa la kufanya, aliinyanyua chupa na kuisikiliza. Yalikuwa yamebaki matone machache. Akaipeleka kwenye kikombe cha Hamdan, kama anavyofanya kila siku. Hamdan akakitikisa. Alikitikisa mara mbili, tatu, polepole, kisha akakirudisha mkononi mwa Humam. Humam alibaki ameishika chupa hewani.

Nabukeera amemimina kahawa katika majumba ya Maskati miaka minne. Hakuhitaji kufasiriwa.

— Kabla ya joto, alisema Hamdan. Mwambie kabla ya joto ntakuwa nimetoka.

— Sawa, baba. Nitamwambia.

Nabukeera alikuwa ameshageuka pale Hamdan alipomwita.

— Na mndimu, binti yangu. Mndimu humwagiliwa jioni. Usimwagiliwe asubuhi.

Nabukeera aliomba kalamu kwa Humam, akaiegemeza karatasi ya kasoro kwenye benchi letu, akaigeuza upande wa pili, na kuliandika hilo peke yake.