Chupa ya Bi Swalha na Supu ya Pweza

Bi Swalha Maulid anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kutupikia miaka kumi na tisa katika kantini ya Watanzania hapa Guangzhou. Alianza na jiko moja la gesi nyuma ya maduka ya nguo ya Zhanqian. Leo hata wanaotoka kupakia makontena Huangpu huja na njaa zao kwake.

Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa Tanga akiwa na mgongo wazi. Binti yake alipewa vidonge vya asidi ya foliki tumbo likiwa tayari linaonekana, wakati uti wa mgongo wa mtoto huanza kujengeka wiki za mwanzo kabisa, kabla mama hajajua kama ana mimba. Hakuna aliyemwambia mapema. Tangu hapo Bi Swalha aliweka chupa ya vidonge hivyo mezani, kati ya chumvi na pilipili, akawahimiza wasichana wameze kimoja kila siku, juu ya mchicha na maharage yake.

Felisia, anayenunua vitambaa Zhongda, alipomeza cha kwanza, wanaume wa meza ya dirishani walimwita "mama kijacho". Hakurudi kula wiki nzima. Mzee Gharib, mwenyekiti wa kantini, badala ya kuwakemea wale, aliondoa chupa.

"Bi Swalha, unawafundisha nini watoto wa watu?"

"Na supu ya pweza unayokunywa kila Ijumaa, kaka Gharib, inakufundisha nini wewe?"

Hilo ndilo linaloudhi. Mwanamume anakunywa pweza hadharani, kila mtu anajua anatafuta nini, na anachekewa kwa sifa. Msichana akimlinda mtoto atakayemzaa siku moja, anaitwa mhuni.

Ijumaa iliyofuata, kila aliyeagiza pweza alijibiwa kama tunavyojibiwa na wenye maduka hapa: "Meiyou." Hakuna. Ijumaa ya pili, meiyou. Kabla ya ya tatu, Mzee Gharib mwenyewe alirudisha chupa. Felisia naye alirudi, akameza kidonge chake akiitazama meza ya dirishani.

Sasa kamati ya kantini imeandaa keki na saa ya ukutani ya kumuaga. Sisi wanafunzi wa kike tulipouliza kama chupa itabaki, tuliambiwa, "Tutaangalia." Wataangalia nini? Uti wa mgongo wa mtoto haungoji kikao.

Asante, Bi Swalha. Upumzike vyema Tanga, karibu na mjukuu wako. Sufuria ya pweza umemwachia Jovin, mpishi mpya, pamoja na sharti lake. Siku chupa isipoonekana mezani, anajua la kujibu.