Mkono Wangu Ulijua, Mdomo Haukuwa na Habari

Wapendwa, hamjambo? Asanteni kwa kuja kwenye kikundi chetu hiki cha wagonjwa na jamaa zao, na mvua hii. Ndugu zangu, nawaambia, kuna sehemu za habari yangu mtadhani natunga. Laiti ningekuwa natunga.

Wengi mnajua mimi ni msusi. Nimesuka vichwa hapa ughaibuni, Kilburn, tangu nilipotoka Nakuru. Asubuhi moja nilikuwa namsuka mteja wangu wa siku nyingi, kichwa changu kikaniuma ghafla, mguu wa kushoto ukalegea, nikaanguka. Yule mteja, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, ndiye aliyeita ambulensi. Hospitalini wakasema ni kiharusi.

Mguu ulirudi upesi. Nikaruhusiwa kwenda nyumbani, nikamshukuru Mungu, nikadhani yamekwisha. Kumbe!

Nikawa nafunga vifungo vya blauzi kwa mkono wa kulia, wa kushoto unafuata nyuma unavifungua. Nafungua friji, wa kushoto unaifunga. Binti yangu aliniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yao hawa watoto, niache mchezo. Sikuwa nacheza.

Nilipojaribu kurudi kazini, rafiki yangu wa saluni alinipa kichwa chake nijipime. Mkono wa kulia unasuka, wa kushoto unafumua. Alicheka. Kisha akanitazama kwenye kioo.

"Dada, unafanya nini?"

"Si mimi."

"Kama si wewe, ni nani?"

Na maneno yakaanza, mnajua watu. Dada mmoja wa maombi alikuja nyumbani akaukemea mkono, akamwamuru huyo aliyemo atoke. Mkono ukamkamata sweta, ukakataa kumwachia! Leo mnacheka. Siku ile tulilia wote wawili. Nilifika mahali nikatamani ukatwe tu.

Daktari wangu ndiye aliyenielekeza kwa watafiti wanaochunguza jinsi pande mbili za ubongo zinavyowasiliana. Nilienda kwa hofu. Nikampata mama wa makamo, mpole, akaniambia nifumbe macho. Akaweka kitu katika mkono wa kushoto.

"Umeshika nini?"

"Sijui."

Na kweli sikujua. Akakichukua, akakichanganya na vitu vingine kwenye sinia. "Usifumbue. Acha mkono ukitafute wenyewe."

Wapendwa, mkono ulikwenda. Ukagusa kijiko, ukakiacha. Ukagusa kitana, ukakiacha. Ukachukua kitu kimoja, ukatulia. Nilipofumbua macho, nilikuwa nimeshika ufunguo.

"Ndio huo huo," akasema. "Mkono wako ulijua. Mdomo wako ndio haukuwa na habari."

Akanionyesha picha ya ubongo wangu kwenye kompyuta: nusu mbili, na katikati mkanda mnene wa nyuzi nyembamba zisizohesabika. Akanieleza kwamba mkono wa kushoto huongozwa na upande wa kulia wa ubongo, na kwamba kwa watu wengi maneno hukaa upande wa kushoto. Habari hupitia pale kati, kama kwenye daraja. Kiharusi kilikuwa kimeharibu sehemu ya mbele ya daraja lile.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mkono haunichukii?"

"Haukuchukii. Haujaambiwa tu."

Nililia pale pale. Fikirini! Miaka yote ile nasuka, napiga soga, nacheka na wateja, na ndani ya kichwa hiki pande mbili zinapashana habari bila kukoma, wala sijawahi kusikia hata mnong'ono. Hata yule mtaalamu alikiri kuna mengi hawajayajua bado: jinsi daraja likiumia, habari zinavyotafuta njia nyingine. Akaniomba niwe narudi waangalie. Nikakubali kwa moyo wote.

Mtaalamu wa mazoezi akanifundisha kutazama mikono yote miwili na kusema kwa sauti: "Kushoto, shika. Kulia, pitisha." Wateja walidhani nimerukwa na akili! Lakini polepole ikaelewana. Kichwa cha kwanza nilichokimaliza kilikuwa cha binti yangu. Akajipapasa kichwa chote, akasema mistari imenyooka, kisha akanikumbatia, akakawia kuniachia.

Sijapona kabisa. Nikichoka, mkono hung'ang'ania kitasa cha mlango. Nauambia, "Achia," nao huachia.

Nawashukuru mteja wangu, binti yangu, na wale watafiti. Namshukuru pia dada wa maombi, maana alinisindikiza kila nilipokwenda kupimwa, naye akaiona ile picha, akasema, "Ee Mungu, kumbe hivi ndivyo ulivyotuumba."

Ninalowaachia ni hili: mwenzako akitenda jambo usilolielewa, uliza kwanza habari imekwama wapi, kabla hujamtafutia pepo.

Na wewe baba uliye karibu na mlango, uliyekuja leo mara ya kwanza na mkeo. Nimeona umeukalia mkono wako. Utoe, baba. Uweke mezani. Hapa hakuna atakayeukemea.