Karani Aliyesimamisha Magari

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, karani wetu anastaafu baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka thelathini na miwili. Kwenye faili lake ni Karani Daraja la Pili. Kwa watoto, na kwa nusu ya madereva wa barabara kuu, ni Mama Mfuniko.

Aliajiriwa kutunza rejista, kupiga chapa mitihani na kupokea simu. Hakuna palipoandikwa kwamba atavusha watoto. Lakini wiki yake ya kwanza alichungulia dirishani, akaona wa darasa la kwanza wamejibanza ukingoni mwa lami kama vifaranga, kila mmoja akingoja mwenzake athubutu. Alichukua mfuniko mwekundu wa ndoo ya rangi, akatoka. Tangu hapo, saa moja asubuhi na saa nane mchana, ukimtaka ofisini humpati.

Yeye mwenyewe alisoma kwa miguu, kwenye njia ya vumbi. Wakati wa chai alipenda kutusimulia: watoto kumi na wawili, dada mkubwa mbele, wadogo katikati, viatu mkononi visije vikachakaa, wakiimba jedwali la saba. Gari lilipita mara moja kwa wiki. Walilisikia tangu mlimani, wakajitosa majanini kwa vicheko.

“Sisi tulifundishwa kuogopa nyoka tu,” alisema. “Hawa wa leo nani atawafundisha kuogopa lori?”

Mimi nilifundishwa naye. Nilikuwa na miaka saba. Alinishika kifundo cha mkono, maana kiganja cha mtoto huteleza. Tazama kulia, kushoto, kulia tena, na ole wako ukimbie.

Vituko vyake ni vingi. Dereva mmoja wa lori la mchanga alimfokea, “Wewe mama, umekuwa trafiki lini?” Akajibiwa, “Trafiki hajaja. Mpaka aje, utaongea na mimi.” Siku nyingine alilisimamisha gari la mkaguzi wa elimu, likangoja hadi mtoto amalize kuokota penseli zake za rangi, moja moja.

Aliandika pia barua kumi na moja kuomba matuta na alama za kivuko. Majibu, yalipokuja, yalikuwa yale yale: suala lako linashughulikiwa.

Wenzangu wamenishauri yanayofuata niyaruke, kwamba sherehe ni sherehe. Sitayaruka.

Miaka minne iliyopita mkaguzi mwingine alifika asubuhi, akakuta ofisi imefungwa na simu inalia ndani. Kikao kikaitishwa, karani akapewa onyo la maandishi: asitoke ofisini saa za kazi. Barua ile niliiandika mimi. Nilikuwa na miezi mitatu tu kwenye kiti cha mwalimu mkuu msaidizi, na nilitaka nionekane nakifaa.

Aliisoma akiwa amesimama. “Na watoto, mwalimu?”

“Tutapanga zamu za walimu,” nikamwambia.

Zamu zikapangwa, zikabandikwa ukutani, zikafuatwa siku mbili tatu. Siku ya tisa ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa chumba cha walimu, namalizia chai.

Mtoto alikuwa wa darasa la pili, binti wa fundi cherehani wa nyuma ya shule, miaka minane, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani kwake. Pikapu haikupunguza mwendo. Tuliposikia breki, karani ndiye aliyetoka mbio wa kwanza, ofisi ikabaki wazi. Alikaa juu ya lami na kichwa cha mtoto mapajani, akimsemesha, mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Kabla ya adhuhuri tukapata habari kwamba ametutoka.

Matuta yalijengwa kwa siku sita. Kukawa na hotuba na utepe, nami nikakaa mstari wa mbele. Karani hakualikwa. Alikuwa ofisini akipokea simu, kama barua ilivyomwagiza.

Jumatatu yake akarudi barabarani. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Hakuwahi kunilaumu hata kwa jicho, angenilaumu ningepumua.

Wiki iliyopita nilimfuata ofisini akiwa anafunga makabrasha yake. Nikamwambia nimepata kibali cha kulitoa lile onyo kwenye faili, ili aondoke akiwa safi.

“Liache,” alisema, bila kuinua macho. “Siku mama wa yule mtoto akija kuuliza nilikuwa wapi, mumwonyeshe.”

Onyo lipo. Karani mpya bado anasubiriwa, na matuta yenyewe yameshalika, magari yanayapita kama hayapo. Kuanzia Jumatatu, saa moja kamili, nitasimama pale mimi. Sisemi ili nipigiwe makofi. Nimechelewa miaka minne.

Mama, asante kwa mikono yote uliyoishika, ukiwemo wangu. Shule nzima inakuombea asubuhi zisizo na honi, miguu iliyopumzika, na wajukuu wanaofika nyumbani salama. Nami naongeza neno moja ambalo nilipaswa kukuambia siku ile, pale pale juu ya lami, nikashindwa hata kukutazama usoni: nisamehe.