Mama Libérate Keza, Aliyehama Nyumba Mara Kumi na Nne

Mama Libérate Keza alizaliwa Mutarule tarehe 11 Machi 1963, mtoto wa tatu wa mzee Jean-Berchmans Manirakiza na mama Dorine, wakulima wa mpunga. Nyumba aliyozaliwa ilikuwa yao wenyewe. Alikuja kusema kwamba wakati ule hakujua kama hilo ni jambo la kushukuru.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha akaletwa Uvira kwa shangazi yake, akapata cheti cha ushonaji mwaka 1981. Alishona katika mtaa wa Kimanga zaidi ya miaka arobaini, hasa sare za wanafunzi.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na seremala Étienne Ngendakumana. Mungu aliwapa watoto watatu; parseli, kiwanja chao cha kujenga, hawakupata. Baba Étienne alitengeneza milango ya nusu ya mtaa, akafariki mwaka 2009 akiwa mpangaji.

Kufikia 2016 Mama alikuwa amehama mara kumi na tatu. Mara mwenye nyumba anaoza mtoto, anataka chumba chake. Mara kodi inapanda bila neno. Jumapili moja walitoka misa wakakuta godoro uani, mvua inanyesha. Karatasi ya makubaliano haikuwepo, kwa hiyo hapakuwa na pa kushtaki.

Mwaka huo binti yake Annie alileta nakala ya sheria mpya ya upangaji, kwa Kifaransa. Annie alisoma, Mama akaandika kwa Kiswahili katika daftari: garanti, yaani kodi ya dhamana, isipite miezi mitatu; mpangaji apewe preavi, notisi ya kuhama; kontra, mkataba wa kupanga, iandikwe. Akaipeleka sheria hiyo kwa shefu wa kartie, kiongozi wa mtaa.

"Mama, iyo sheria iko ya Kinshasa," shefu alimwambia.

Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Baada ya miezi saba shefu alikubali kupiga muhuri kontra zitakazoletwa. Ila hakuna mwenye nyumba aliyetaka kutangulia.

Siku moja adhuhuri Bwana Emery, mwenye nyumba wake, alikuja na ngazi kung'oa manjanja, mabati ya paa, ili wapangaji watoke wenyewe. Alipopanda, suruali ilishikwa na msumari ikapasuka nyuma, toka mkanda mpaka goti. Mama hakucheka.

"Baba Emery, shuka. Weye huwezi pita njiani hivyo."

Alimpa kitenge ajifunge, akamkalisha, akamwekea kontra mkononi. "Wakati minye niko nashona, weye soma."

"Na kama sitaki?"

"Basi ngojea tu. Siko na haraka."

Aliisoma mara mbili, akatia sahihi akiwa bado na kitenge. Mama akakaa nyumba ile miaka minane. Hakuwahi kukaa popote muda mrefu hivyo tangu aolewe.

Mwaka 2018 wapangaji tisa, Mama akiwa mmoja wao, walianzisha ushirika wa Tujengeane, wajengeane kwa zamu, wakamchagua Mama kuwa rais. Mafuriko ya Aprili 2020 yalibeba matofali yote. Wakaanza upya, juu mlimani. Zamu zilipangwa kwa kuokota vikaratasi vya kura, Mama akatoka wa tisa. Wenzake walitaka kumtanguliza.

"Kura iko kura," alisema. "Nikiiruka minye, kesho nani ataiheshimu?"

Nyumba nane zilimalizika. Ya tisa ilifika kwenye madirisha, halafu vita vikakata njia ya saruji.

Mwaka 2024 sukari na presha vilimlaza. Mei, maji ya ziwa yaliingia chumbani, akahamishwa mara ya kumi na nne, amebebwa juu ya kiti. Annie alipokuwa akifunga sufuria alimsikia: "Mwanangu, minye nimechoka kufunga mizigo."

Alifariki Ijumaa tarehe 6 Februari 2026, saa tatu asubuhi, katika nyumba ya kupanga. Kontra yake ilikuwa imebakiza miezi minne.

Ameacha watoto Annie, Bruno na Fanny, wajukuu saba, dada yake Naomie wa Makobola, na familia nane za Tujengeane. Familia hizo zimekubaliana kuendelea na kuta za nyumba ya tisa kuanzia Jumamosi ijayo. Fanny ndiye ataingia.

Mungu ampokee mahali pasipo na preavi. Apumzike Mama yetu. Alikuwa amechoka kweli.