Ulimi wa Kitasa cha Sibiri

Kijiwe chetu hapa Segu kiko kwenye ukuta wa ghala la mtama: benchi moja, viti viwili vya kamba, na jiko la mkaa ambalo birika lake ni langu, hapewi mtu mwingine. Tunakunywa chai raundi tatu, na kati ya raundi na raundi hatuna kazi ila kubishana. Ng'ambo ya barabara ni mlango wa buluu wa Sibiri Kulibali. Alasiri ile ya Jumatatu, Sibiri aliuendea mlango wake, akachomeka ufunguo, akahangaika nao, kisha akageuka kutazama kama tunamwona. Tulikuwa tunamwona. Akaja, akajibwaga kwenye benchi, akasema kitasa chake kimeharibika.

— Kimeharibika vipi? — akauliza Injinia. Huyu ni Zumana Traore; cheo alikipata siku aliyomshikia tochi fundi umeme.

— Ufunguo unaingia. Hauzunguki.

— Asubuhi je?

— Asubuhi ulizunguka vizuri tu.

— Basi ni ulimi. Ulimi wa kitasa umekwama kwenye tundu la fremu. Mvua hizi, chuma kinavimba.

— Chuma kinavimba! — Waziri alicheka mpaka akakohoa. Huyu ni Fuseni Diarra, hajawahi kuwa waziri wa chochote, ila ana koti na halivui. — Traore, unadhani chuma ni kunde za huyu Kulibali, ukikiloweka kinavimba? Tatizo ni meno ya ufunguo. Lete niyaone.

Akaupokea, akauinua juani, akafumba jicho moja.

— Yamelika. Tazama hili la katikati. Mla kunde, siku hizi unatafuna na funguo?

Kwetu koo hutaniana, na Makulibali huitwa wala kunde; Kulibali akitaniwa hivyo hanyamazi. Siku nyingine Sibiri angemrudishia Waziri matusi ya ukoo mzima, tukacheka mpaka chai ipoe. Safari hii alichukua tu ufunguo wake, akaufungia kiganjani.

Nikamimina raundi ya kwanza. Injinia akaivuta chai yake kwa mluzi.

— Mimi nawaambia, hivi vitasa vya dukani havina adabu. Kitasa ni kile cha mbao cha bibi yangu kijijini. Gogo lililosimama ni mke, komeo linalopita tumboni mwake ni mume. Kule kichwani mwa mke kuna vijiti vinadondoka, vinamshika mume hapo hapo. Unaingiza ufunguo wa mti, unavinyanyua taratibu, mume anateleza.

— Na vijiti visiponyanyuka?

— Mume hachezi. Mke akimshika, kamshika.

Waziri akamkanyaga mguu. Injinia hakuelewa, akaendelea kama kawaida yake:

— Lakini hiki cha Sibiri ni cha silinda. Na silinda, jamani, ufunguo ukiingia mpaka mwisho usizunguke, maana yake si silinda yake. Imebadilishwa.

Mimi adhuhuri nilimwona fundi amepiga magoti kwenye mlango ule na bisibisi yake, na Asitan, mke wa Sibiri, amemsimamia mikono kiunoni. Sikuwa nimesema, na sikusema.

Sababu tuliijua. Jana yake kulikuwa na harusi. Mama manju alisimama mbele ya Sibiri akaanza kumwaga sifa za Makulibali, mfalme baada ya mfalme, na bwana mkubwa kichwa kikamvimba kuliko hicho chuma cha Injinia. Mfukoni hakuwa na kitu. Akakimbia nyumbani, akarudi na kitambaa cha nili, kizito, cheusi kwa ubuluu, akamvisha manju mabegani mbele ya watu. Tulimpigia makofi, sisi hawa hawa. Kumbe kimetoka sandukuni mwa Asitan, kufuli kalichokonoa kwa msumari, na aliyekitia nili kwa mikono yake ni marehemu mama yake Asitan. Asubuhi hiyo manju kapita nacho sokoni, Asitan kakiona. Na kitu ukishampa manju mbele ya watu, hukirudii. Ukienda kukidai, atakuimba kwenye kila harusi ya mji huu mpaka wajukuu zako wahame.

Injinia alipotambua alichosema, alikimbilia kukirekebisha.

— Au imejibadilisha. Silinda huwa inajigeuza yenyewe. Joto.

— Inawezekana, — akasema Sibiri.

— Kweli kabisa, — Waziri akadaka. — Vitasa vya siku hizi vinatengenezwa pacha. Mmoja huku, mwenzake Uchina. Yule wa kule akifungwa, na wa huku anajifunga. Sasa hivi kule ni usiku, watu wamefunga milango.

— Inawezekana.

— Au jini, — nikasema mimi. Ndiyo, hata mimi. — Jini mdogo, wa kwenye tundu la ufunguo. Anapenda ubaridi wa silinda.

— Inawezekana, — akasema Sibiri, kwa sauti ndogo, na hakutazama mtu. Uso uliniwaka kwa aibu, yake na yetu.

Raundi ya pili ilikuwa imeisha pale pikipiki iliposimama mbele yetu. Ni Moriba, mdogo wake Asitan, tumbo moja. Alishuka anacheka.

— Shemeji! Umekaa vumbini na nyumba unayo? Dada kakufukuza?

Ni utani wa mashemeji, kila siku wanataniana hivyo. Hakuna aliyecheka.

— Kitasa, — akasema Waziri. — Ufunguo hauzunguki.

— Dada hayupo?

— Yupo, — nikasema. Moshi wa jiko lake tuliuona juu ya ukuta.

— Sasa si ubishe hodi?

Injinia akainama kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa kandambili. Moriba hakungoja jibu. Furaha ilikuwa imemjaa.

— Haya, nipongezeni! Mke wangu kajifungua, mtoto wa kike. Nitampa jina la mama. Dada aliniahidi kile kitambaa cha mama tumfunike siku ya jina, ndicho nilichokifuata.

Akavuka barabara, akabisha. Tulisikia ulimi wa kitasa ukirudi ndani laini, bila kutu, bila jini. Asitan akafungua mlango wote. Moriba akamwambia habari zake huku akirusha mikono yote miwili, naye akamkumbatia, akamshika kichwa kwa muda mrefu. Kisha akatutazama juu ya bega la mdogo wake, akanyoosha kidevu kuelekea benchi, akasema maneno machache.

Moriba akarudi mpaka katikati ya barabara, bado anatabasamu.

— Shemeji! Dada anasema nikuulize wewe. Kitambaa cha mama kiko wapi?

Sibiri aliutazama ufunguo kiganjani mwake. Nyuma ya Moriba mlango ulikuwa wazi, na Asitan amesimama kando, kama anayempisha mtu aingie. Raundi ya tatu ilikuwa tayari. Niliimimina, na hakuna aliyenyoosha mkono.