Msomi Ameamua Kuacha Kazi

Benchi la Mjomba muuza kahawa limebanana kati ya kibanda cha fundi viatu na mlango wa kinyozi, na atakaye kukaa mwisho wake aombe wenzake wasiinuke ghafla. Jioni hukaliwa na walewale: fundi viatu, aitwaye Waziri kwa kuwa hutoa tamko juu ya kila jambo ingawa hakuna aliyemteua, na kinyozi, aitwaye Tafsiri, asiyeamini kwamba kuna jambo linalotokea bila siri nyuma yake. Jioni ile Msomi alikuja akijikokota kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Alikuwa amemaliza chuo, shahada ya saikolojia ya watoto, na mama yake alikwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba mwanawe ni daktari. Sasa alikuwa kwenye mafunzo kazini, katika kituo cha kulelea watoto wadogo, wiki ya tatu. Alipokea kikombe, akasema kesho haendi.

— Huendi wapi? aliuliza Waziri.

— Kazini. Naacha.

— Usiache mbachao kwa msala upitao.

— Msala gani, mzee wangu? Sina kazi nyingine.

— Ndiyo nakwambia. Msala huna, mbacha unautupa. Utakaa kwenye vumbi.

Msomi alivuta pumzi. Kichwani mwake alikuwa amejipangia chumba chenye kiti cha kuzunguka, mtoto mmoja anaingia, mtoto mmoja anatoka, naye anatikisa kichwa taratibu. Siku ya kwanza mkuu wa kituo alimkabidhi aproni yenye picha ya sungura, na ndoo.

— Nikamweleza kwamba utafiti wangu chuoni ulihusu ukimya wa mtoto. Mnajua alinijibu nini? "Mwanangu, hapa ukimya hatuna. Ukiusikia popote, kimbia ukaangalie wanaharibu nini."

Mjomba alicheka mpaka birika likatikisika mkononi.

— Sasa siku nzima unafanya nini?

— Nafunga kamba za viatu. Nikimaliza wa mwisho, wa kwanza keshafungua. Nafuta makamasi. Natafuta viatu vya kushoto, maana vya kulia havipotei, sijui kwa nini. Juzi mmoja kanilalia mapajani. Alipoamka nilikuwa nimelowa hadi soksi.

— Aisifuye mvua imemnyea, alisema Waziri.

— Mimi siisifu.

— Basi bado haijakunyea vya kutosha.

Msomi alitaka kubaki na hasira zake, lakini kicheko kilimponyoka, akakificha ndani ya kikombe. Alipokitua, uso ulikuwa umerudi ulivyokuwa.

— Hayo ningevumilia. Kinachonimaliza ni yule binti wa chini ya meza.

Akawaeleza. Binti mwenyewe ana miaka minne hivi, aliletwa wiki ileile aliyoanza yeye. Asubuhi akiachwa tu, huingia chini ya meza, akashika pindo la suruali ya Msomi, akaling'ang'ania mpaka atakapokuja kuchukuliwa. Hajatamka neno. Msomi akisogea, naye husogea kwa magoti. Walimu wenzake wamempa Msomi jina, Mwenye Mkia. Amemlalamikia mkuu, mkuu akamwambia akae palepale.

— Miaka yote ile ya kusoma, jamani, ili niwe nguzo.

— Huyo kapandikizwa, alisema Waziri. Mkuu kamweka akuchunge usitoroke.

— Mzee, ana miaka minne.

— Ndio wanaoaminika. Hawajajua kuhongwa.

Tafsiri alitikisa kichwa kwa huruma, kama anayewasikitikia wasioona mbali.

— Si kuchungwa. Tatizo ni suruali. Umeinunua mtumba, sivyo? Basi ilikuwa ya babu yake, na mtoto kaitambua. Utaona, ukoo mzima utakuja kuidai.

— Nimeshonewa na fundi.

— Fundi alikata kitambaa wapi? Jiulize.

Waziri hakukubali kupitwa.

— Nyote hamjui. Mtoto anamfanyia Msomi utafiti. Yeye alitaka akae kimya amchunguze mtoto, mtoto kakaa kimya anamchunguza yeye. Siku akifungua mdomo atatangaza matokeo: umefeli. Mchumia kivulini hulia juani.

— Umeigeuza, alisema Mjomba.

— Nimeigeuza kusudi. Mtoto si yuko chini ya meza?

Wakacheka wote, isipokuwa Mjomba, aliyemwinamia Msomi.

— Mama umemwambia?

— Bado.

Asubuhi ile mama yake alikuwa amempigia pasi shati, akamwambia, "Nenda, daktari wangu." Msomi alipita mlangoni harakaharaka ili asimtazame usoni.

Kumbe kulikuwa na mteja. Mwanamke aliyevaa sare ya ulinzi alikuwa amesimama pembeni na chupa yake ya chai, njiani kuelekea zamu, akisubiri Mjomba akumbuke kwamba anauza kahawa.

— Samahanini, wakubwa, alisema. Nimesikia bila kukusudia. Kaka, kesho huyo mtoto atashika suruali ya nani?

— Kuna walimu wengine, alijibu Msomi.

— Amewahi kuwashika?

Msomi alifikiri.

— Hapana.

Yule mlinzi alimpa Mjomba chupa, ikajazwa, akashukuru, akaenda zake. Waziri alikuwa akitafuta methali, hata ya kukosea, nayo haikuja. Tafsiri alianza kupuliza nywele kwenye mashine yake ya kunyolea, ambayo haikuwa na nywele.

Msomi alimalizia kahawa iliyokwisha kupoa. Aliinama akatazama pindo la suruali, upande wa kulia, lilivyokunjamana na kuwa jeusi mahali pa vidole. Akainuka.

— Mapema hivi? aliuliza Mjomba.

— Wanafungua saa moja asubuhi, alisema Msomi. Yeye huletwa wa kwanza.

Hakuna aliyemcheka. Alikuwa ameshavuka barabara Waziri alipomwita.

— Msomi! Vaa hiyohiyo.